Unga Usoni, Sindano Begani

Nilipostaafu ualimu nilidhani nimeachana na kalamu nyekundu. Nilijidanganya. Hata mwaka haukugeuka, vijana wawili wa idara ya afya wakanifuata nyumbani Mbinga mjini na tangazo la chanjo ya surua, wakaniomba nililainishe ili watu wa mwambao wa ziwa walielewe. Niliwapa chai, nikaisoma karatasi yao, nikakasirika. Ilikuwa imejaa maneno ya semina. Mkakati shirikishi. Walengwa. Mtoto wa miezi tisa ambaye bado anakula udongo anaitwa mlengwa, kana kwamba kuna mtu amejibanza kichakani na upinde anamvizia.

Niliwaambia hivyo hivyo. Mmoja akacheka, mwenzake akaandika. Aliyeandika ndiye aliyeniuliza swali lililonikaa: "Mwalimu, kwani watu wa kule chini kwenu wana nini na hii chanjo? Ukiitaja tu, wanawake wanageuka kutazama ziwa."

Nikamjibu sijui. Nilikuwa najua kidogo, lakini mambo ya nyumba ya mama yangu si ya kummwagia kila anywaye chai yangu.

Walipoondoka nilianza kuyachokonoa maneno, maana huo ndio ugonjwa wangu. Chanjo imetoka kwenye kuchanja, na kuchanja ni kazi ya chuma. Unachanja kuni kwa shoka; unamchanja mtu chale kwa wembe, kisha unasugua dawa nyeusi penye damu. Dawa ya serikali ilipofika haikuja na jina lake. Ilikuta wembe umeshatangulia, ikaazima jina la wembe. Kinga ni neno la upole zaidi: unakinga ndoo chini ya bati linalovuja, matone yanaangukia ndoo, kitanda kinabaki kikavu. Lakini lililonishangaza ni ndui, ingawa nimelitamka maisha yangu yote. Mwulize mtu wa rika langu lile kovu la duara begani mwake ni la nini, atakwambia, hii ni ndui. Ndui yenyewe haijamgusa hata siku moja. Kovu ni la dawa ya kuizuia, lakini amelipa jina la ugonjwa, anatembea nalo mwilini, wala haoni ajabu.

Mume wangu alinikuta mezani na kamusi zangu. Yeye ni Mmatengo wa Mkumbi, mtu wa kahawa na mahindi, na miaka hii amepagawa na parachichi. Siku hiyo alikuwa uani anabebesha miche: anapasua shina la mche wa kienyeji, anachomeka kikonyo cha mti mwingine, anafunga kwa nailoni, kisha anangoja macho yake yafumbuke. Nikamsomea kwamba Wazungu wa zamani, walipotafuta neno la kuchanja, walilichukua kwa wakulima wa miti kama yeye, watu wanaotia jicho la mti mmoja ndani ya mti mwingine. Neno lao jingine la chanjo lilitoka kwa ng'ombe, maana dawa ya kwanza ilichukuliwa kwenye vipele vya ugonjwa wa ng'ombe. Ya ng'ombe yalimchekesha. Ya jicho yalimpeleka dirishani. Alitazama miche yake iliyojipanga ukutani, kila mmoja na jeraha lake lililofungwa, akasema, "Kwa hiyo mtoto akichanjwa, kuna kitu ndani yake kinaanza kutazama."

"Ndiyo. Ili ugonjwa ukija kiutambue."

"Na ugonjwa wenyewe, nao unamtambua?"

Nilimwambia akanawe mikono, chakula tayari. Lakini lile swali nilikwenda nalo kitandani.

Wiki hiyo hiyo binti yangu alinipigia simu kutoka mwambao. Alikuwa ameteremka kwa bibi yake, mama yangu, kumwonyesha mtoto. Mumewe anaendesha lori la makaa ya mawe kule machimbo ya Ruanda, huku huku Mbinga, na nyumbani anaonekana kama mwezi mwandamo, kwa hiyo binti alikuwa peke yake. Akaniambia bibi ameanguka. Kiharusi. Walimkimbiza hospitali, wakapewa dawa za presha, wakaambiwa wamtunze nyumbani, maana upande wa kulia umekufa na maneno yanatoka nusu nusu.

Nilikaa chini. Kisha, kama bibi yeyote, nikamwuliza mjukuu wangu anaendeleaje, nikamtaja kwa jina.

Nikasikia upepo kwenye simu, na nyuma yake mawimbi.

"Mama," akasema, "tafadhali usimwite."

Kesho yake nilipanda basi la kwanza. Ukitoka Mbinga asubuhi unavaa sweta, na barabara ikianza kuporomoka kwenda Mbamba Bay unalivua, halafu unatamani uvue na ngozi. Ziwa hujitokeza ghafla kwenye kona, limelala kimya, ng'ambo yake haionekani. Nimezaliwa kando ya hilo ziwa na bado kila linapojitokeza pale nahisi limeniona kabla sijaliona. Kwenye kituo cha mwisho nilisikia wanawake wawili wakiongea kuhusu surua. Kijiji kinachopakana na chetu kilikuwa kimeshazika watoto. Walisema wengi, hawakusema wangapi, na sikuuliza.

Nyumbani nilimkuta jirani yetu, mke wa mwenye duka, amekaa kando ya kitanda cha mama anampepea. Huyu asili yake ni Kilwa; aliletwa na ndoa na biashara, na ni mtu wa dini, mkarimu, ambaye mambo ya nyumba yetu huyaona yote kama ya watu wasiojua kusoma Kurani. Mama alikuwa ameegemezwa mito. Nusu ya uso wake ilikuwa yake, nusu nyingine kama imeachiwa mtu mwingine.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba, mama," akanijibu kwa upande mmoja wa mdomo.

Ndivyo alivyoniita siku zote. Nilirithi jina la mama yake mzazi, na kwetu mtoto akibeba jina la mkubwa huitwa kwa heshima ya mkubwa. Kaka zangu aliwaita kwa majina yao, akawagombeza kwa majina yao. Mimi nilikuwa mama tangu nikiwa na kigauni cha shule ya awali. Nilijiona nimependelewa.

Kisha binti akatoka chumba cha pili na mtoto mgongoni, akamfungua, akamgeuza. Uso wote wa mtoto ulikuwa na madoa meupe. Kwenye paji la uso, mashavuni, kidevuni, hata kwenye kope, mviringo mviringo, kila doa likiwa limebonyezwa kwa ncha ya kidole. Macho yalinitazama kutoka katikati ya yale madoa kama ya mtu mzima. Nilinyoosha mkono, nikapangusa moja kwa kidole gumba. Halikutoka.

"Ni bibi," binti akasema. "Alimpaka asubuhi ya siku ile. Jioni kabla ya kumwosha, akaanguka."

Hapa inabidi nieleze, maana msomaji asiye wa kwetu atadhani tumerukwa na akili.

Zamani sana, kabla ya bibi yangu kuzaliwa, ndui ilipita mwambao huu. Kwetu haikutajwa jina. Iliitwa Mgeni. Waliougua walipelekwa kwenye jiwe kubwa lililotokeza majini kaskazini ya kijiji, wakaachiwa chungu cha uji na moto, na ndugu wakasimama mbali. Wengi hawakurudi. Waliorudi walikuwa na nyuso zilizotobokatoboka, lakini watu waligundua jambo moja bila kufundishwa na mtu: aliyepona hakuugua tena. Mgeni angeweza kurudi mwaka mwingine na kuvunja kijiji kizima, yule akampita. Wakasema Mgeni hali mara mbili kwenye sahani moja. Na watu wa kwetu, ambao kwa ujanja hawajambo, wakaamua kumdanganya.

Mtoto mzima anayeanza kutambaa hupakwa madoa. Ni unga wa muhogo na utomvu wa mkuyu, na utomvu huo haubanduki usipolowekwa kwa maji. Asubuhi mama wa nyumba humpeleka mpaka kwenye lile jiwe, anasimama ameyapa maji kisogo, anasema kwa sauti, "Tayari." Yaani huyu umeshampitia, sahani hii umeshaila. Siku hiyo mtoto haitwi jina, maana Mgeni akisikia jina jipya atajua ni mtoto mpya. Na ikipigwa hodi mlangoni, mbisha hodi asionekane, haitikiwi karibu. Inaitikiwa tayari. Jua likianza kuzama anaoshwa kwa maji ya ziwa, na mkono uliompaka ndio unaomwosha, si mwingine, kwa sababu huo ndio uliosema uongo na huo ndio wenye ruhusa ya kuufuta.

Ndui yenyewe imekwisha duniani. Desturi haikupata taarifa. Ikahamia kwenye surua, kama mtumishi aliyefiwa na bosi akaendelea kufagia ofisi.

Niliwahi kuwacheka watu kwa mambo madogo kuliko hayo. Siku ile sikucheka. Nilisimama pale na mkoba wangu begani, nikamtazama mjukuu wangu.

Kesho yake asubuhi ilikuwa siku ya kliniki. Muuguzi wa zahanati angekuja na sanduku lake la baridi, angeketi barazani mwa kanisa, na watoto wa miezi tisa wangechanjwa surua. Nikamwambia binti wazi: huyu mtoto kesho anachanjwa. Surua iko kijiji cha pili, inatembea kwa miguu kuja huku.

"Siwezi," akasema.

Binti yangu si mjinga. Ana wakala wa kutuma fedha mjini, anajaza fomu zinazonishinda mimi. Lakini alishapoteza mtoto mmoja kabla ya huyu, akiwa bado hajamaliza hata kumtafutia jina, na mtu aliyezika hivyo humwelewi kwa hesabu. Aliketi kwenye kizingiti, mtoto kifuani, akaongea polepole, anatazama chini.

"Bibi ameshasema tayari. Mgeni ameambiwa huyu ameshaugua. Nikimpeleka kesho mbele ya watu wote kuchanjwa, nitakuwa nimesema nini? Mtu aliyeshaugua surua hachanjwi surua. Nitakuwa nimekwenda kumtangazia kwamba tulimdanganya. Na mtoto bado ana madoa yake, hana jina. Atamchukua huku anamtazama usoni."

Nilifungua mdomo nimwambie upuuzi, nikaufunga. Kwa sababu nilikuwa nimetoka juzi tu kwenye kamusi zangu, na niliona kwamba maneno yake yalikuwa na mantiki kuliko tangazo la serikali. Muuguzi naye anafanya jambo lile lile. Anauambia mwili, umeshaugua huyu, ili ugonjwa ukija ukute umekwisha kujulikana. Bibi zetu waliuambia ugonjwa; muuguzi anauambia mwili. Uongo ni mmoja, ila wa muuguzi unafanya kazi. Nilimweleza hivyo. Nilimweleza kwa upole, kisha kwa ukali, kisha nikalia.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Basi aoshwe kwanza. Aoshwe na mkono wa bibi."

Mkono wa bibi ulikuwa juu ya shuka, umefumba, umekufa.

Alasiri ile mke wa mwenye duka alipokwenda kuswali na kuwapikia wanawe, nilishuka ziwani na beseni. Maji yalikuwa hayana hata mkunjo. Upande wa kaskazini lile jiwe lilionekana, jeusi, na ndege hawakutua juu yake ingawa walijaa kwenye mawe mengine. Labda ni kwa sababu jiwe hilo halina samaki karibu. Nilichota, nikageuka, na nilijikuta napanda mbio, sikutaka kuyapa maji kisogo kwa muda mrefu.

Tuliweka beseni kwenye kigoda kando ya kitanda. Binti alimpakata mtoto. Nikamwambia mama, "Tunataka umwoshe huyu. Nitakushika mkono."

Mama alimtazama mtoto, akanitazama mimi. Jicho lake zima lilijaa machozi. Akautoa mkono wa kushoto, ule uliobaki hai, akauingiza mwenyewe kwenye maji. Nikadhani amekosea upande. Nikasema, "Siyo huo, mama, ule wa kulia ndio uliompaka."

Hakunisikiliza. Aliuinua ule mkono unaotiririka maji, akauleta usoni kwangu.

"Huyu kwanza," akasema.

Nilitaka kurudi nyuma. Vidole vyake vilikuwa vimeshafika kwenye paji la uso wangu. Vikasugua paji, vikashuka mashavuni, kidevuni, kwenye kope, mahali pale pale, na mwili wangu ukakumbuka kitu ambacho akili haikuwa nacho: kidole cha mtu mzee kinanibonyeza usoni, harufu ya utomvu, kisha nyumba iliyojaa vilio na watu wanaonikwepa.

"Mama yangu alikupaka," akasema, neno kwa neno, akipumzika katikati. "Mchana akafa. Hukuoshwa. Mkono wake ningeutoa wapi? Nikaogopa. Nikasema, nisimwite. Asisikike."

Kisha akaniita jina langu.

Jina hili nimeliandika kwenye vyeti vyote vya maisha yangu. Mume wangu huliita kutoka shambani mpaka majirani wanaitika. Kinywani mwa mama yangu sikuwa nimelisikia hata mara moja, na mimi niliyeyafundisha maneno kwa miaka yote ile, sikuwahi kujiuliza kwa nini. Nilidhani ni heshima. Ilikuwa kinga. Alinificha kwa kutoniita, tangu utoto wangu mpaka nikawa bibi, na yeye mwenyewe akaishi na hofu hiyo bila kumgawia mtu. Nililia kwa sauti, sikuona aibu. Alikuwa amevunja sheria ya mama yake, ameniosha kwa mkono ambao haukunipaka, na alijua anavunja.

Mkono wa kushoto uliangukia shuka. Alikuwa amechoka, macho yanafumba. Nikauchukua wa kulia. Ulikuwa mzito na baridi, kama samaki aliyekwisha kutolewa majini. Nikauchovya kwenye beseni, nikauongoza mpaka usoni kwa mtoto, nikiwa nimejiandaa kuusugulisha mimi mwenyewe.

Haikuhitajika. Vidole vile vilipogusa paji la uso wa mtoto vilijikunja, vikasugua. Daktari mmoja baadaye aliniambia misuli iliyokufa hushtuka ikitiwa maji baridi, na huenda ni kweli. Mimi nilikuwa nimeushika ule mkono, na najua niliacha kuuongoza. Ulikwenda wenyewe, doa kwa doa, haukuruka hata moja, mpaka uso wa mjukuu wangu ukabaki mtupu na unang'aa. Kisha ukawa mzito tena.

Binti akamwita mtoto jina lake kwa sauti ndogo. Mtoto akageuka upesi, kama aliyekuwa anangoja.

"Kesho utambeba wewe," binti akaniambia. "Na ukiulizwa, utajibu wewe."

Asubuhi mke wa mwenye duka alirudi kukaa na mama, sisi tukashika njia ya kanisani. Kutoka ziwani ulikuwa umenyanyuka moshi usio na moto, nguzo ndefu ya kahawia inayotembea juu ya maji. Ni wadudu tu, wale wadogo tunaowaita kungu, wanaoanguliwa kwa mamilioni na kupeperushwa na upepo. Utotoni tuliwakamata kwa vikapu tukawala. Lakini siku nyingine zote nilizowaona walikuwa wanakwenda upande wa upepo. Asubuhi hiyo hapakuwa na upepo, na nguzo ile ilikuwa inakuja pwani, ikishika kijia cha maji kati ya jiwe na kanisa. Binti aliiona. Alifunika kichwa cha mtoto kwa kanga, akaongeza mwendo.

Barazani wanawake walikuwa wamepanga foleni. Muuguzi alikuwa binti mdogo mwenye subira, mgeni kutoka Songea, na kila mama aliyefika mezani alimwuliza swali moja: mtoto ameshawahi kuugua surua? Niliwatazama wenzangu wa kwetu wakijibu. Hakuna aliyetamka. Mmoja alikohoa, mmoja alitikisa bega, mwingine alisema, "Andika tu, mwanangu." Wote walikuwa wamekaa wakilitazama ziwa kwa pembe ya jicho. Pale ndipo nilipopata jibu la yule kijana aliyekunywa chai yangu.

Zamu yetu ikafika. Binti akanipa mtoto.

"Shikamoo bibi," muuguzi akasema. "Huyu ameshawahi kuugua surua?"

Nikatikisa kichwa.

"Sema nisikie, bibi. Kuna kelele za watoto hapa."

Nilikuwa nimesimama mgongo wangu ukielekea majini. Sikupanga iwe hivyo, meza ndiyo iliyowekwa hivyo. Nilihisi ubaridi kisogoni. Nilijua kabisa, kwa elimu yangu yote, kwamba neno haliui mtu. Na nilijua vilevile kwamba katika ukoo wetu hakuna mwanamke aliyewahi kulitamka neno lile mahali pale, akiwa ameshika mtoto.

"Bado," nikasema. "Hajaugua."

Nyuma yangu foleni ilirudi hatua. Mtu mmoja alinong'ona kwa Kinyasa, Mungu atusamehe. Wale kungu walikuwa wamefika. Walianza kutua mezani, kwenye pamba, kwenye mikono ya muuguzi, mamia, bila sauti. Alipuliza, akafuta bega la mtoto, akachoma. Mtoto alivuta pumzi ndefu, akapiga yowe lililosikika kijiji kizima. Binti alimnyakua, akamkumbatia, akamwita jina lake tena na tena, kwa sauti ya juu, mbele ya watu wote. Nilimwona hana tena hofu. Hofu ilikuwa imebaki kwangu.

Tuliporudi, mke wa mwenye duka alikuwa amekaa nje kizingitini, amejitanda kanga mpaka usoni.

"Pole, mwenzangu," akasema. "Bi mkubwa katutoka. Kaenda vizuri, nisikufiche. Alikuwa kalala, hana habari na dunia. Mara kafumbua macho, kaketi mwenyewe, mimi nimeduwaa. Kasema, 'Karibu.' Sauti nzima, wala si ya mgonjwa. Nikatazama mlangoni, hapana mtu. Wala hodi sikuisikia. Kasema tena, 'Karibu, niko mimi hapa,' kasogea ukutani kama anayempisha mtu kitandani. Ndo kalala, basi."

Alikuwa hajui alichokuwa ananiambia, wala neno ambalo kwetu hodi ya asiyeonekana huitikiwa. Kwake ilikuwa ni bikizee mwenye adabu, anakufa huku anakaribisha wageni.

Nikamwuliza ilikuwa saa ngapi.

"Saa sikutazama, mwenzangu. Nilisikia tu mtoto wenu analia kule kanisani."

Binti alinishika mkono, nikauondoa taratibu. Niliingia peke yangu. Mama alikuwa amelala upande mmoja wa kitanda, ubavu umegusa ukuta, na upande wa pili shuka lilikuwa limebonyea. Nilitafuta neno la kumwambia mtu aliyefanya alichofanya yeye, na sikulipata kwenye Kiswahili chote nilichofundisha. Nikapiga magoti, nikasema shikamoo, nikiwa sijui mle chumbani tulikuwa wangapi.